Sifuri za Agosti

Kitale,
14 Oktoba 2005

Senge mpendwa,

Habari za Myanga? Baba, ndugu yako, anaendeleaje na goti lake? Mimi sijambo. Mama Rahab, mwenye nyumba wangu, bado ananiita "ule msichana wa mvua", na kila asubuhi ananiuliza kama aanike mahindi. Nikimwambia sijui, anacheka na kusema wazazi wangu walipoteza karo bure. Huku wameanza kuvuna. Trekta zinapita tangu alfajiri, na nguo ukianika unaanua vumbi.

Daftari zako za vipimo vya mvua zilifika salama. Hesbon alizileta mwenyewe hadi ofisini, zimefungwa kwa leso yako ya kijani, na akakataa kuondoka mpaka Dokta Mathenge, mkuu wetu, atie sahihi kwamba amezipokea. Nilijua hayo ni maagizo yako, maana ndugu yangu hana akili hiyo. Septemba 1976 hadi Septemba 2005, Senge! Stesheni nyingine zote za pande hizi zina mapengo: mara mpimaji alihama, mara chupa ilivunjika ikakaa miezi minane. Yako ndiyo pekee iliyokamilika. Dokta alizifunua moja moja, akavua miwani, akasema, "Huyu mama ni nani?" Na huyo ni mtu asiyesifu hata chai.

Uliniuliza kazi yetu ni nini hasa. Tuna modeli kumi na tatu za hali ya hewa, programu za kompyuta zilizotungwa na wataalamu wa ng'ambo. Ukiziuliza mvua ya huku kwetu itakuwaje miaka thelathini ijayo, hazielewani. Moja inasema itaongezeka kwa asilimia thelathini, nyingine inasema itapungua kwa ishirini. Mpelekee mkulima wa tarafa ya Kwanza jibu kama hilo uone kama hatakufukuza na jembe. Basi sisi wa takwimu tunazitia mtihani. Tunaziambia, kwanza tuambieni mvua iliyokwisha kunyesha, kisha tunalinganisha majibu yao na daftari lako. Modeli inayokaribia ulichokipima tunaipa uzito mkubwa, na inayobahatisha tunaipunguzia sauti. Hivyo tunapunguza kiasi cha tusichokijua. Kwa ufupi, wewe ndiye unayesahihisha karatasi za wataalamu wa ng'ambo.

Sasa niseme kilichonifanya nikalie kiti. Ni Agosti. Agosti ya 1979 ina mvua, ya 1981 ina mvua, ya 1983 vilevile. Lakini 1978, 1980, 1982 na kuendelea hadi mwaka jana, kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Agosti ina sifuri karibu wiki tatu mfululizo. Kati ya modeli zote kumi na tatu ni moja tu, ya saba, inayoonyesha ukame wa kila mwaka wa pili, na daftari lako limeipa karibu uzito wote. Dokta hashikiki kwa furaha. Anasema sasa tunajua: mvua itapungua kwa kati ya asilimia sita na kumi na nane, kwisha maneno. Mimi sina amani. Je, Agosti hizo zilikuwa kavu kweli?

Nijibu upesi.

Wako,
Jentrix


Myanga,
22 Novemba 2005

Kwa Jentrix,

Barua yako nimeipata. Baba yako aliitoa kwenye sanduku la barua la kanisa, akaifungua, akanisomea yeye mwenyewe ingawa macho yangu hayana neno. Anakusalimia. Goti linamsumbua, lakini Jumapili alihubiri saa moja na nusu akiwa amesimama, akiwakemea wanaokwenda kwa waganga wa mvua. Mama yako amevuna maharagwe magunia mawili. Ng'ombe wa Hesbon amezaa ndama dume, na Hesbon amenuna kama vile ng'ombe alimkosea kusudi. Mimi ni mzima isipokuwa kiuno.

Kuhusu hiyo Agosti. Nimefundisha hesabu darasa la sita miaka ishirini na minane. Kipima mvua nilipewa nikiwa ndio nimerudi nyumbani kutoka kwa ndoa ambayo huna haja ya kuisikia, na afisa aliyekisimika nyuma ya nyumba yangu alinionyesha mara moja tu. Kila siku saa tatu asubuhi nimeinua faneli, nikamimina maji ya chupa kwenye gilasi, nikainama mpaka jicho likawa sawa na maji. Nimepima nikiwa na malaria. Nimepima siku ya kumzika mama yangu, waombolezaji wakinitazama. Nilichokikuta kwenye chupa ndicho nilichoandika. Chupa ikiwa kavu naandika sifuri. Ulitaka niandike nini?

Kama vitabu vyangu haviwatoshi hao wenye kompyuta, vifungwe kwa leso ileile virudi kwangu.

Baba yako anasema uache kuchimba mambo ya wazee, utafute mtu wa kukuoa.

Ni mimi Senge yako,
Nelima


Kitale,
10 Desemba 2005

Senge,

Krismasi sitakuja, kazi imetubana. Mwambie Mama nitatuma sukari na Hesbon. Na kwa kuwa barua hii pia itapita mikononi mwa Baba: hujambo Baba, ukifika hapa keti kwanza upumzishe goti, maana maneno yanayofuata ni marefu.

Agosti 1992 nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ni mwaka ambao Hesbon alitahiriwa. Siku ya kuamkia kisu chake, tangu saa tisa alasiri, mvua ilinyesha mpaka wageni wakajazana jikoni kwa Mama, na kiatu changu kipya kikabaki kwenye tope nikachapwa kwa sababu yake. Nimefungua daftari lako ukurasa wa asubuhi iliyofuata. Sifuri. Senge, nilinyeshewa na hiyo sifuri!

Unajua na mimi najua kwamba miaka inayogawanyika kwa mbili ndiyo miaka yetu ya kutahiri, na mwezi ni Agosti. Wingu halijui tohara ya Wabukusu. Kuna jambo lililotendeka hapo nyuma ya nyumba yako.

Sikushtaki. Lakini sifuri na sijui si kitu kimoja. Ukiniambia sijui, ninayo hesabu ya kuishughulikia, kwa sababu kutojua ndiko kunakotupa ugali ofisini. Ukiniambia sifuri nitakuamini, kompyuta itakuamini, na modeli ya saba itakalia kiti cha mbele. Dokta ameanza kuandika ushauri kwa wakulima wa Kwanza: kila mwaka wa pili waache mahindi ya miezi saba, wapande yale ya muda mfupi ambayo huzaa kidogo. Wataanza 2006. Agosti hiyo mvua ikinyesha kama kawaida, Mama Rahab, mwenye shamba huko, atavuna nusu ya mavuno yake kwa neno letu, na neno letu limetoka kwako.

Naomba ukweli.

Jentrix


Kitale,
27 Februari 2006

Senge,

Karibu siku themanini bila jibu. Najua mko wazima, kwa sababu Hesbon alinipigia simu, na nilipomwuliza habari zako akasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Ushauri unakwenda kwa mpiga chapa mwisho wa Machi. Nimemwambia Dokta sitaweka jina langu. Akaniuliza sababu, nikasema daftari la Myanga lina ugonjwa ambao bado sijaujua jina. Akasema, "Basi toa Myanga yote. Ama ni safi ama ni takataka. Chagua." Nikamwambia sichagui. Amenuna tangu Ijumaa, hata salamu anaipitisha kwa karani.

Siandiki tena kwa sanduku la kanisa. Hii nampa Fridah, yule anayeleta viazi vya huku soko la Myanga, naye ameapa kuitia mkononi mwako wewe peke yako. Ukinyamaza tena nitajua umenyamaza wewe, si mtu mwingine.

Jentrix


Myanga,
18 Machi 2006

Mwana wa ndugu yangu,

Sisi wazima. Fridah yuko nje anakunywa uji. Mara mbili amekuja kuchukua jibu, mara mbili nimemwambia halijakamilika, na kumbe nilikuwa sijaandika hata tarehe. Leo nimemwambia haondoki bila barua.

Ni ndoo, Jentrix. Agosti zako ni ndoo.

Ilianza 1978. Mvua iliharibu sherehe katika nyumba nne mfululizo, watu wakala ugali umelowa, na bibi mmoja akateleza akavunjika mkono. Wazee wakaja kwa baba yako wakaninyooshea kidole. Wabwile wa kwa jirani ndiye aliyesema, "Mwarimu, hii mkebe ya serikari ndio inaita mvua. Kabra iretwe hapa, si Agosti irikuwa inaturia?" Walikuja na jembe la kuking'oa. Baba yako, ambaye ndio kwanza alikuwa amefanywa mzee wa kanisa, akaenda jikoni akarudi na ndoo. Akasema, "Hakuna haja ya kelele. Tufunike tu mpaka kijana wa mwisho atahiriwe." Tangu hapo, kila mwaka wa tohara, kijana wa kwanza akishika njuga kwenda kualika watu, ndoo inawekwa juu ya kipima. Wa mwisho akishatahiriwa, inatolewa. Na huyo ndiye anayewahubiria watu habari za waganga wa mvua. Ndiyo, nimeandika hivyo kwa wino. Akitaka asome.

Utauliza kwa nini sikukataa. Nilikuwa mwanamke aliyerudi kwao, na nyumba yangu iko kwenye ardhi ya ndugu. Kipima kingeng'olewa, na pengine mimi ningefuata. Tena yule afisa alikuwa amenionya kwamba nikiacha nafasi wazi kwenye kadi ya kila mwezi watakichukua wampe mtu mwingine. Kadi haikuwa na mahali pa kuandika ndoo. Chupa ilikuwa kavu, nikaandika sifuri. Sikudanganya, lakini nilijua nilichofanya. Nimewachapa watoto kwa kupata jibu sahihi kwa njia ya wizi, nikarudi nyumbani kuandika sifuri yangu. Hilo limenila moyo miaka yote hii, nawe ukaja kuliwekea kidole.

Sasa tafuta kioo cha kukuzia. Kwenye daftari zangu, si kwenye kadi zao, kando ya kila siku iliyofunikwa kuna nukta ya penseli. Ni ndogo. Niliitia kila mara nikijiambia ipo siku mtu atauliza. Umechelewa kuzaliwa, lakini umeuliza.

Na unisikilize vizuri. Mtu asiniambie kitabu changu ni takataka. Zaidi ya siku elfu kumi nimeinama mbele ya ile gilasi. Zenye ndoo watoe. Zilizobaki ni zangu na ni za kweli, na huyo Dokta akizigusa nitakuja Kitale na kiboko nilichostaafu nacho. Kipiganie kitabu changu.

Nelima


Kitale,
9 Aprili 2006

Senge yangu,

Salamu kutoka kwa Mama Rahab, ambaye sasa anakujua kwa jina na anataka kukuletea kuku. Mvua imeanza vizuri. Mimi nina mafua, na nina furaha mbaya.

Nilihesabu nukta. Ni mia mbili sabini na moja. Nilikuwa nimezidhania uchafu wa nzi, naomba msamaha kwako na kwa nzi.

Nikampelekea Dokta. Akasoma barua yako mara mbili.

"Ndoo, Jentrix?"

"Ndoo, Dokta."

"Kwa hivyo modeli ya saba imeshinda kwa sababu ya ndoo?"

Akacheka, kisha akaacha kucheka, maana alikuwa ameshawaandikia wafadhili. Akasema Myanga itoke yote, leo leo. Nikamwambia haitoki. Nikamwambia kuna siku zaidi ya elfu kumi zilizopimwa na mtu ambaye hata kosa lake aliliwekea alama, na kwamba anioneshe stesheni nyingine inayokiri dhambi zake hivyo. Akasema mimi ni mwajiriwa wa mkataba, nisisahau. Nikasema sijasahau, na mkataba unasema nifanye hesabu, haukusema niifanye iwe tamu.

Siku tisa nililala na kuamka na hesabu hiyo. Kila siku yenye nukta niliiondolea sifuri, ikawa sijui. Kompyuta ikaijaza mara elfu moja, kila mara kwa mvua tofauti inayowezekana, ikijifunza kutoka Agosti zako za kweli, na kila mara modeli zote zikafanya mtihani upya. Modeli ya saba ikaanguka mpaka nafasi ya kumi na moja. Na jibu likapanuka. Sasa tunasema mvua inaweza kupungua kwa asilimia tisa au kuongezeka kwa kumi na saba. Dokta akalitazama kama mtu aliyepewa chenji pungufu. "Hii si habari," akasema. "Mkulima hawezi kupanda hii."

Nikamwambia kutojua kupana kwa kweli ni heri kuliko kujua kwembamba kwa ndoo. Na nikamwonyesha kitu kingine. Bila daftari lako tunakwenda kutoka kupungua ishirini hadi kuongezeka thelathini. Ukiingia wewe na nukta zako, tusichokijua kinapungua karibu nusu. Nusu, Senge, kwa haki! Hakuna mtu mwingine pande hizi aliyetupunguzia hata robo ya hiyo.

Alhamisi tulikwenda Kwanza kwenye mkutano wa wakulima. Nilidhani Dokta ataniacha nibebe mabango tu. Lakini shamba la baba yake liko kulekule, majirani zake walikuwa wameketi mstari wa mbele, na nafikiri hakuweza kuwatazama usoni akawauzia modeli ya saba. Alinipa chaki akaketi. Nikaeleza yote, hata ndoo. Walicheka mpaka benchi likaanguka. Kisha mkulima mmoja, Mzee Kibe, akasimama.

"Kwa hivyo msichana, nyinyi hamjui."

"Tunajua ukubwa wa tusichokijua, mzee. Mwaka jana hata huo hatukuwa nao."

"Na mahindi yangu?"

"Panda yale yako ya kawaida. Hatuna sababu ya kukwambia uyaache."

"Hiyo naeza fanyia kazi," akasema. "Wale wengine hukuja hapa wakijua kila kitu, halafu sisi ndio tunalala njaa."

Ushauri haukuchapwa. Ripoti itatoka na daftari lako ndani yake, na nukta zako zimeelezwa ukurasa wa nne. Mkataba wangu unaisha Juni, na Dokta amesema nisitegemee mwingine. Nikamwambia sawa.

Mwaka huu ni zamu ya Sifuna, kitinda mimba wetu, kutahiriwa. Sina la kukuagiza, Senge. Kipima ni chako, na anayelala kwenye ardhi ya Baba ni wewe, si mimi.

Jentrix


Myanga,
21 Agosti 2006

Jentrix,

Sifuna ametahiriwa na hakupepesa jicho. Anakula kuliko sisi sote. Mama yako amechoka, wageni walikuwa wengi na wengine bado wapo. Kuku wa Mama Rahab alifika akiwa hai, hatukumchinja, anataga.

Fridah ameniambia mkataba ulikwisha kweli na sasa unafundisha hesabu shule ya binti za watu. Vizuri. Wafundishe kubisha. Huyo Dokta wako ameniandikia kwa heshima sana, ananiomba niwe nampelekea karatasi kila mwezi. Nimemjibu kwamba karatasi zangu zitakwenda kwa Jentrix, popote alipo, na akizihitaji amwombe yeye.

Tarehe tatu baba yako alikuja nyuma ya nyumba na ndoo, yeye, Wabwile na mzee mwingine. Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda karibu na kipima tangu nimalize kupima.

"Nelima, toka hapo."

"Sitoki."

"Ati kwa sababu ya barua za mtoto?"

"Kwa sababu ya kazi yangu."

"Na mvua ikiharibu sherehe ya kijana wangu?"

"Iharibu. Nitaipima."

Wabwile akasema, "Si tung'oe tu, bana, tumarize hii maneno." Nikamwambia aning'oe mimi kwanza, na kwamba Jumapili nitasimama kanisani mbele ya watu wote nitaje ni nani aliyefunika kipima tangu 1978, mwaka kwa mwaka, kwa tarehe, maana nimeziandika. Nilijua naweza kulala nje siku hiyo, mwanamke wa miaka sitini na tatu. Wabwile akamtazama baba yako. Baba yako akatazama ndoo. Mwishowe akaigeuza, akaikalia, tukakaa hivyo mpaka tukaitwa chai.

Siku ya kuamkia kisu cha Sifuna ikanyesha. Nisikufiche, ilinyesha vibaya. Turubai likapasuka, wacheza njuga wakalowa, na wazee wakanitazama mimi kila radi ilipopiga. Sikuinamisha macho. Asubuhi saa tatu, kijana akiwa ameshasimama mbele ya kisu na watu wakipiga vigelegele, nilipita katikati yao na gilasi yangu mkononi. Hakuna aliyenisimamisha. Nikainua faneli, nikamimina, nikainama.

Nilipoinuka baba yako alikuwa nyuma yangu, viatu vimejaa tope. Miaka thelathini kipima kimekaa kwenye ardhi yake, na hajawahi kukitazama ila kwa kukifunika.

"Ni ngapi?" akauliza.

"Milimita ishirini na tatu nukta nne."

"Andika," akasema.

Nelima